Usianze na siasa, anza na ngoma: kuandika maisha ya mwanamke kwa njia ya Susan Geiger

Mwaka 1984 mwanahistoria Mmarekani Susan Geiger alikuwa Dar es Salaam akizungumza na wanawake waliojiunga miaka ya 1950 na TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika; Bibi Titi Mohamed, kiongozi wa wanawake wa chama hicho, alikuwa miongoni mwao. Wakati huo uhuru wa Tanganyika ulikuwa ukielezwa vitabuni kama kazi ya wanaume waliosoma misheni na Makerere, na wanawake wakipewa mstari mmoja wa shukrani: walipika, walipiga vigelegele. Geiger alipata picha nyingine. Wanawake wa mjini, Waislamu, watu wazima, wengi wao bila elimu ya darasani, walikuwa na mtandao wao kabla chama hakijazaliwa: vikundi vya ngoma. Bibi Titi mwenyewe alikuwa mwimbaji wa kikundi kilichoitwa Bomba. TANU ilipotaka wanawake, aliwaendea viongozi wa vikundi hivyo, na kila kiongozi akaja na watu wake.

Jambo hilo halikuwa limeandikwa na mkoloni wala na katibu wa chama. Lilipatikana kwa kuuliza, na kitabu chake cha mwaka 1997 kuhusu wanawake wa TANU kimejengwa juu ya majibu hayo. Anayetaka kuandika maisha ya bibi yake, ya kungwi wa mtaa au ya mwenyekiti wa zamani wa UWT (Umoja wa Wanawake wa Tanzania) anaweza kuifuata njia hiyo akiwa na simu, daftari na subira. Subira ndiyo inayopungua mapema.

Kabla ya kubisha hodi

Piga hesabu ya umri kwanza. Mwanamke aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1955 alizaliwa 1935. Aliyekuwa na miaka 10 wakati wa uhuru alizaliwa 1951. Kwa hiyo wengi utakaowakuta sasa walikuwa mabinti wa wale waliouza kadi za TANU, na swali lao si "ulifanya nini" bali "uliona nini nyumbani": nani alikuja usiku, mama alikuwa akitoka na nani, kadi ilifichwa wapi. Ukimbebesha binti ushuhuda wa mama yake, atakupa hotuba aliyoisikia redioni.

Andaa ukurasa mmoja wa matukio ya kufungia tarehe, maana watu wengi hawakumbuki mwaka, wanakumbuka jambo. Kwa Tanzania weka haya: vita vya Hitla (1939 hadi 1945), mgomo wa makuli wa bandarini Dar (1947), kuzaliwa kwa TANU (7 Julai 1954), safari ya Nyerere Umoja wa Mataifa (Machi 1955), uhuru (9 Desemba 1961), Mapinduzi ya Zanzibar (12 Januari 1964) na maasi ya askari Dar siku chache baadaye, noti za kwanza za Tanzania (1966), Azimio la Arusha (1967), kuuawa kwa Karume (7 Aprili 1972), kuhamishiwa vijijini katikati ya miaka ya 1970, vita vya Kagera (1978 hadi 1979), foleni za sukari na sabuni mwanzoni mwa miaka ya 1980, mvua za El Niño (1997 hadi 1998). Kwa Mombasa ongeza mgomo mkuu wa Januari 1947, hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, uhuru wa Desemba 1963 na jaribio la mapinduzi la 1 Agosti 1982. Halafu ongeza ya mtaani: mwaka nyumba ilipobomolewa, mwaka wa kipindupindu, mwaka msikiti ulipoezekwa mabati.

Ukiwa na ukurasa huo, watoto wake wanageuka kuwa kalenda. Usimuulize "ulijiunga mwaka gani?" Muulize, "Bibi, ulipokata kadi, ulikuwa na mtoto yupi mgongoni?" Ukiwa na orodha ya watoto wote kwa mfuatano, waliofariki wakiwemo, utakosea mwaka mmoja au miwili tu badala ya kumi. Kuhusu waliofariki, uliza mara moja kwa upole, na akinyamaza, geuza mazungumzo.

Kama kazi yako ni ya utafiti wa chuo au unatoka nje ya nchi, kibali kinatoka kwenye tume za sayansi na teknolojia: COSTECH upande wa Tanzania Bara na NACOSTI upande wa Kenya; Zanzibar ina utaratibu wake. Kama unaandika ya bibi yako mwenyewe, kibali chako ni cha bibi na ukoo, na wakati mwingine hicho ndicho kigumu zaidi.

Ziara ya kwanza ni ya salamu

Siku ya kwanza usirekodi. Nenda na mtu anayekujua wewe na anamjua yeye, toa shikamoo, kaa ulipoonyeshwa. Chukua kitu cha nyumbani: kilo mbili za sukari, majani ya chai, au doti ya kanga kama uwezo upo. Fedha mkononi siku ya kwanza huharibu, kwa sababu baada ya hapo kila jibu linakuwa bidhaa. Mpe siku ya mwisho, kama asante, na usimwambie kabla.

Angalia wakati. Kwa nyumba za Kiislamu, baada ya alasiri hufaa na Ijumaa mchana haifai, wala mchana wa Ramadhani. Kwa Wakristo acha Jumapili asubuhi. Mjane aliye eda, miezi minne na siku kumi, mwache kabisa, hata kama yeye mwenyewe anasema njoo.

Siku hiyo eleza kazi yenyewe kwa maneno ya kawaida: unataka kuandika maisha yake, sauti itahifadhiwa, watu wengine wataisoma. Mpe nafasi ya kuchagua. Jina lake litajwe au lisitajwe? Kuna sehemu zisubiri mpaka afariki? Iwekwe mtandaoni au ibaki kwenye ukoo? Majibu yake utayarekodi ziara ijayo, kabla ya swali la kwanza, kwa sauti yake. Karatasi ya kuweka dole gumba huwatia hofu wazee waliowahi kupoteza kiwanja kwa dole gumba. Jua pia kwamba Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Kenya ina yake ya 2019. Habari za ugonjwa wa mtu, kabila na siasa zake si za kuzimwaga ovyo.

Kifaa na chumba

Simu ya kawaida inatosha ukiitumia vizuri. Weka programu ya kurekodi inayotoa faili la WAV, si ya kubana. Kwa kipimo cha kilohezi 48 na biti 24, njia moja, saa moja hula karibu nusu jigabaiti. Njia mbili hula karibu jigabaiti nzima. Basi kwa mazungumzo ya saa moja na nusu acha wazi angalau jigabaiti mbili. Usirekodi kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp: unabana sauti, na "s" na "sh" za mzee asiye na meno hazitatofautishika tena.

Zima mtandao na simu zinazoingia. Kunja kanga mara nne, weka simu juu yake, ili mtikisiko wa meza usiingie, umbali wa shubiri moja na nusu hadi mbili kutoka kinywani mwake. Maikrofoni ndogo ya kubana kwenye nguo husaidia, ila ibane mbali na ushungi, maana kitambaa kikisugua kinafunika maneno. Zima pangaboi na televisheni, na kama friji inanguruma, hamia chumba kingine. Mvua kwenye bati haina dawa, ahirisha. Adhana ikianza, nyamazeni, ataendelea yeye mwenyewe.

Jaribu dakika moja, isikilize kwa spika za masikioni, ndipo uanze. Fungua kwa kutaja tarehe, mahali, jina lako na lake, kisha ridhaa yake. Mwishoni acha sekunde 30 za ukimya wa chumba. Zitakusaidia ukija kusafisha sauti. Nenda na pawabenki iliyojaa. Umeme hukatika palepale anapofika kwenye jambo ulilolifuata.

Maswali: pita mlango wa uani

Hapa ndipo faida ya kazi ya Geiger ilipo. Ukimuuliza mzee, "Ulishiriki vipi katika harakati za kupigania uhuru?" atakujibu kwa lugha ya sherehe za taifa: tulishirikiana bega kwa bega, tukaungana, tukapata uhuru. Si uongo, ila si wake. Ameyasikia Desemba baada ya Desemba. Lile neno "harakati" peke yake limeshamwambia ni jibu gani unalitaka.

Anza na ngoma, nyumba na fedha. Ngoma: alikuwa kikundi gani, cha lelemama (ngoma ya wanawake wa pwani) au nyingine, nani alikuwa kiongozi, nani mtunzi, nani aliweka fedha, sare yao ilikuwa kanga ipi na ina jina gani, kikundi pinzani kilikuwa mtaa upi na mliwaimbia nini. Geiger alipata kwamba vikundi hivi vya Dar viliwachanganya wanawake wa makabila mbalimbali waliokuwa wakisemezana kwa Kiswahili, na ndiyo maana walielewa haraka habari ya kuwa taifa moja. Walikuwa wakiishi hivyo tayari. Huwezi kulipata hilo kwa swali la "umoja wa kitaifa ulikuwa na maana gani kwako". Linapatikana ukiuliza, "Kikundini mlikuwa wangapi, na kila mmoja kwao wapi?" kisha ukaandika majina na asili, mmoja baada ya mwingine, mpaka ukurasa ujae.

Nyumba: chumba cha kwanza alipanga mtaa gani, kodi shilingi ngapi, jikoni alichangia na nani. Wapangaji wa nyumba moja ya Kariakoo au Ilala ni mtandao wenyewe. Fedha: maandazi, samaki wa kukaanga, pombe, ushonaji, upatu. Nani alikuwa mshika fedha wa upatu? Mara nyingi ndiye utakayemkuta baadaye akikusanya ada za chama. Uliza pia ndoa ngapi na talaka ngapi, lakini si siku ya kwanza. Bibi Titi na wenzake hawakuweza kutembea mikoani bila kuamua jambo na waume zao. Wapo walioruhusiwa, wapo walioachwa. Siasa ya mwanamke ilianzia mlangoni pake.

Unyago ni jambo jingine. Uliza alichezwa wapi, somo yake nani, wari walikuwa wangapi. Yanayofundishwa ndani usiyaulize mbele ya kifaa, hasa ukiwa mwanamume au hujachezwa. Akiamua kuimba, mwambie kwanza kwamba kifaa kinarekodi.

Wimbo wowote urekodi mara mbili: kwanza auimbe wote, kisha auseme polepole mstari kwa mstari. Halafu uliza uliimbwa dhidi ya nani. Nyimbo za ngoma ni mafumbo, na bila jina la aliyelengwa utabaki na maneno mazuri yasiyo na habari.

Akimaliza jibu, hesabu kimoyomoyo mpaka kumi kabla ya kuuliza tena. Ni muda mrefu, na ndimo yanamotoka yale mengine.

Mazungumzo yasizidi dakika 90. Fanya matatu au manne, ukiacha siku mbili hadi wiki moja katikati, ili akumbuke na wewe usikilize ulichokipata. Siasa iache mpaka ya pili au ya tatu. Wengine wana sababu ya kunyamaza: Bibi Titi alikamatwa 1969, akahukumiwa kifungo cha maisha kwa uhaini, akatoka 1972, na Geiger alimkuta akiwa nje ya ulingo. Barabara kubwa ya Dar inayobeba jina lake leo isikudanganye kwamba kila mzee wa zama zile yuko huru kusema.

Mwanamume anayejibia

Kosa linaloharibu rekodi nyingi ni mtoto wa kiume au mume kukaa pembeni na kusahihisha. "Hapana mama, ilikuwa 1958." Bibi ananyamaza na hatafungua tena. Usimfukuze mwanamume. Nenda wawili, mwenzako amkaribishe barazani na amhoji yeye kwa dhati, na kifaa chake kabisa. Atafurahi, na mara nyingine ana picha na hati ambazo bibi hajui zilipo.

Kundi la wanawake watatu hadi watano waliokuwa ngoma moja ni zuri kwa majina, nyimbo na mfuatano, maana wanasahihishana. Ugomvi, deni na wivu hutavipata hapo. Yatafute kwa mmojammoja. Ufanye mkutano wa kundi baada ya mahojiano ya mmojammoja. Ukiutanguliza, watakuwa wameshakubaliana hadithi moja.

Kunukuu

Saa moja ya sauti hula saa sita hadi nane za kunukuu, zaidi ikiwa mnazungumza wengi. Anza jioni ileile, angalau majina ya watu na mitaa. Andika alivyosema. Kimvita kibaki Kimvita, Kizaramo kilichochanganywa kibaki mahali pake, na "yule bwana yule" isigeuzwe kuwa "mheshimiwa". Weka alama ya muda kila baada ya dakika mbili, [anacheka] na [kimya] pale vilipotokea, na alama ya kuuliza baada ya neno usilolisikia vizuri. Programu za kunukuu zenyewe hutoa rasimu ya kuanzia kwa Kiswahili sanifu, lakini hubomoa majina ya watu, mitaa na vikundi, ambayo ndiyo kazi yenyewe. Sehemu alizosema zisitoke, usizipakie kwenye programu ya mtandaoni hata moja.

Faili lipe jina linalojieleza: mwaka, mwezi, tarehe, mahali, herufi za jina, namba ya kikao. Weka nakala tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje, na nyingine nyumba tofauti au kwenye hifadhi ya mtandaoni. Kisha fungua kila nakala na usikilize mwanzo, katikati na mwisho. Nakala isiyofunguliwa si nakala.

Kupima yaliyosemwa

Chora safu tatu: alichosema, walichosema wengine, kilichomo kwenye hati. Mfano: Juni 1955 John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza alizuru Dar, akauliza wanawake wa TANU wako wapi. Ukikomea hapo, kitengo cha wanawake cha TANU kinaonekana kama wazo la mgeni. Safu ya walichosema wanawake wenyewe inaeleza kwa nini, baada ya swali hilo, maelfu ya wanawake waliweza kupatikana kwa miezi michache. Hesabu inayotajwa sana ni 5,000 kabla mwaka haujaisha. Mgeni aliuliza, lakini watu walikuwa wameshapangwa, na orodha yao haikuwa ofisini.

Wawili wakipishana, usichague wa kumwamini upesi. Angalia kila mmoja alikuwa amekaa wapi. Mwanzilishi wa tawi na mwanachama wa kawaida hawakumbuki siku moja kwa namna moja, na tofauti hiyo iandike.

Hati zitafute Nyaraka za Taifa Dar es Salaam, Nyaraka za Zanzibar pale Kilimani, Kenya National Archives Nairobi, na sehemu ya Afrika Mashariki katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Magazeti ya Mwafrika, Zuhra na Mambo Leo hutaja mikutano kwa tarehe. Usisahau kabati la bibi: kadi ya chama, cheti cha ndoa, stakabadhi za ada, kadi ya kliniki ya mtoto. Picha ziskani palepale kwa dpi 600, mbele na nyuma, maana jina la studio na mwandiko wa nyuma ni ushahidi. Usiondoke na picha halisi, hata ukipewa. Hapo ndipo uhusiano na ukoo hufa.

Kuandika

Geiger alikataa kuandika habari za shujaa mmoja. Aliwaweka wanawake wa Dar es Salaam, Moshi na Mwanza pamoja, akayasoma maisha yao kama wasifu wa kundi zima. Aliyesoma misheni kama mwanasiasa Lucy Lameck anaonekana mle kuwa wa pekee, si mfano wa wote. Kwa mwandishi wa ukoo maana yake ni hii: hata kama kitabu ni cha bibi mmoja, wape wenzake wa kikundi majina na kurasa. Bibi akiachwa peke yake kwenye jukwaa huonekana wa ajabu, na msomaji haelewi alifikaje pale.

Maneno yake yatangulie, maelezo yako yafuate kwa ufupi. Kama utaandika kwa lugha nyingine, toleo la Kiswahili litoke pia. Margaret Strobel na Sarah Mirza walichapisha maisha ya wanawake watatu wa Mombasa kwa Kiingereza mwaka 1989, na mwaka 1991 yakatoka kwa Kiswahili. Wasomaji wa Mombasa wakayapata yalivyosemwa.

Rasimu ikikamilika, ichapishe kwa herufi kubwa, ukubwa wa 16, urudi kwake. Mara nyingi hataisoma, atakwambia umsomee. Soma polepole, sura kwa sura, kalamu mkononi, na kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza bonyeza kitufe cha kurekodi. Atakukatiza sana, na asilimia kubwa ya anayokukatizia hukuyapata mara ya kwanza.